Ala ya Kisu ya Ngozi kwa Anayeanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyomo humu yanachukulia kwamba kisu chako ni cha bapa lisilokunjwa, lenye urefu wa sentimita 8 hadi 12 hivi, na kwamba hujawahi kushona ngozi. Ukiona jambo la kiolezo, yaani mchoro wa karatasi unaofuatwa wakati wa kukata ngozi, linarudiwa mahali pengi, usishangae, kwa sababu ala nyingi za kwanza huharibika kwenye karatasi kabla kipande chochote cha ngozi hakijakatwa, ingawa lawama huangukia mshono.

Ala inatakiwa kufanya kazi gani?

Kwanza imkinge mwenye kisu asikatwe. Pili ikishike kisu kisichomoke mtu anapoinama au kukimbia. Tatu iyalinde makali yasigongwe na vitu vingine. Urembo huja baada ya hayo matatu, na ala yenye nakshi za kupendeza ambayo kisu huchomoka humo kikigeuzwa chini haijawa ala bado.

Haja hii ni ya kale kuliko chuma. Mtu wa kale anayeitwa Ötzi, ambaye mwili wake uligunduliwa mwaka 1991 ukiwa umeganda katika barafu ya milima ya Alps, aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, naye alikuwa na kisu kidogo cha jiwe la gumegume ndani ya ala iliyosukwa kwa nyuzi za gome la mti. Ngozi ilikuja kupendwa kwa kazi hii kwa sababu inakatika kwa urahisi mikononi mwa fundi, lakini ikishakaushwa katika umbo lake hukaa hivyo kwa miaka.

Nitumie ngozi ya aina gani?

Tumia ngozi ya ng'ombe iliyodabaghiwa kwa tanini za mimea, yaani kwa magome, majani au matunda ya miti yenye ukakasi. Humu nitaiita ngozi ya magome. Ngozi hii ikiloweshwa hulainika na kukubali umbo la kitu kinachobanwa ndani yake, na ikikauka hulishika umbo hilo. Kingo zake husuguliwa zikang'aa, na hupokea rangi bila shida.

Ngozi nyingi za mikoba, makoti na viatu laini hudabaghiwa kwa chumvi za kromu. Njia hiyo ni ya juzi ukilinganisha na umri wa kazi yenyewe: Augustus Schultz alipata hataza ya kromu nchini Marekani mwaka 1884, nayo ikaenea kwa sababu humaliza kwa siku chache kazi ambayo magome huifanya kwa wiki au miezi. Ngozi ya kromu ni laini, haiogopi maji na hainyauki, na sifa hizohizo zinazoifanya ifae koti ndizo zinazoifanya isifae ala. Haishiki umbo, kingo zake hubaki na manyoyamanyoya, na mabaki ya kemikali ndani yake yanaweza kuliharibu bapa la chuma linalokaa humo kwa muda mrefu.

Nitazitofautishaje hizo mbili nikiwa dukani?

Tazama ukingo uliokatwa. Katikati ya ngozi ya kromu ambayo haijatiwa rangi hadi ndani mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au samawati hafifu. Ngozi ya magome huwa na rangi ya mchanga au ya kahawia nyepesi kutoka juu hadi chini. Kisha, kwa ruhusa ya muuzaji, dondosha tone la maji upande wa manyoya, yaani uso laini wa nje ambako manyoya ya mnyama yalikuwa. Ngozi ya magome isiyopakwa kitu hulinywa tone hilo na kuacha doa jeusi kidogo ambalo hupotea likikauka, ilhali ngozi ya kromu mara nyingi huliacha tone likae juu. Wapo wanaopendekeza kuchoma kipande kidogo na kutazama rangi ya majivu. Sikushauri, kwa kuwa kuchoma ngozi yenye kromu kunaweza kuzalisha kemikali zenye madhara, na vipimo viwili vya kwanza vinatosha.

Ngozi iwe na unene gani, na itoke sehemu ipi ya mnyama?

Kwa kisu cha ukubwa tuliotaja, milimita 3 zinatosha vizuri. Kisu kidogo cha kuchongea kinaweza kukaa katika ngozi ya milimita 2.5, na kisu kikubwa cha porini kikahitaji 3.5 hadi 4. Wauzaji wengine hupima unene kwa aunsi, ambapo aunsi moja ni sehemu ya 64 ya inchi, yaani milimita 0.4 hivi, kwa hiyo ngozi ya aunsi 8 ni kama milimita 3.2.

Chukua ngozi ya makalio au ya mabega. Ngozi ya tumbo huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu nyuzi zake zimelegea: huvutika upande mmoja kuliko mwingine, hukunjamana ikikauka, na ala iliyoanza imebana huishia kulegea. Ngozi ya tumbo ina matumizi yake, na mojawapo ni kujifunzia kushona.

Ni vifaa gani vya lazima?

Vichache kuliko unavyoambiwa na wanaoviuza. Unahitaji kisu chenye wembe mkali wa kubadilishwa, rula ya chuma, bikari, msharasi wa kutobolea ngozi, sindano mbili zenye ncha butu, uzi uliotiwa nta, gundi, msasa wa namba 150, 220 na 400, na kipande cha mbao laini cha kusugulia kingo. Jiliwa, au mbao mbili zinazoweza kubanwa kwa magoti, itakuachia mikono miwili ya kushonea.

Uma maalumu wa kuweka alama za matundu ni kifaa kizuri, lakini bikari iliyofungwa kwa milimita 4 au 5 na kutembezwa juu ya mstari hutoa alama za sawasawa bila gharama. Hata uma wa mezani umewahi kufanya kazi hiyo. Kitu kimoja ambacho hakina mbadala ni wembe mkali. Wembe butu hukulazimisha kukandamiza, na mkono unaokandamiza huteleza. Ukiona ngozi inasukumika badala ya kukatika, badilisha wembe hapo hapo.

Nianze na umbo gani la ala?

Yapo maumbo mawili yanayofaa kwa mwanzo. La kwanza ni la kipande kimoja kinachokunjwa upande wa mgongo wa kisu na kushonwa upande wa makali. La pili ni la vipande viwili vinavyoshonwa pande zote mbili. Ninapendelea la kwanza, kwa sababu lina mshono mmoja tu na mkunjo wake hukilaza kisu mahali pake bila kubahatisha.

Jambo jingine la kuamua ni jinsi kisu kitakavyoshikiliwa. Ala inaweza kumeza nusu ya mpini au zaidi, ngozi ikabana mpini wenyewe, au inaweza kuishia mwanzo wa mpini na kutumia kikanda chenye kifungo cha kubonyeza. Kikanda kina hasara mbili: kinaweza kukatwa na makali wakati wa kuchomoa, na kinaweza kusahauliwa wazi. Ala inayomeza mpini haina cha kusahau, na kwa kazi ya kwanza ndiyo iliyo rahisi.

Kiolezo huchorwaje?

Hapa ndipo pa kutumia jioni nzima bila kujuta. Chukua karatasi ngumu, uikunje, na uulaze mgongo wa kisu kandokando ya mkunjo. Funga makali kwa tepu ya karatasi kwanza, maana utakishika na kukigeuza kisu hiki mara nyingi. Chora kukizunguka, kisha ongeza nafasi ya mshono upande wa makali.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kupima upana wa mpini na kusahau unene wake. Tuchukue mpini wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 25. Anayepima upana tu atasema: 25 mara mbili ni 50, niongeze milimita 10 za mshono kila upande, jumla 70. Lakini ngozi haipiti juu ya mpini kama karatasi juu ya meza, inauzunguka. Mzingo wa mpini huo ni karibu milimita 79, na kwa kuwa ngozi yenyewe ina unene wa milimita 3, mzunguko unaopita katikati ya unene wa ngozi ni 3.14 mara 28, yaani karibu 88. Ongeza 20 za mshono, unapata 108. Tofauti kati ya 70 na 108 ndiyo tofauti kati ya ala na kipande cha ngozi kilichopotea. Afadhali kiolezo kiwe kikubwa kidogo, kwa sababu ziada hupunguzwa kwa wembe na msasa baada ya kushona, ilhali upungufu hauna dawa.

Baada ya hapo, funga karatasi kukizunguka kisu chenyewe, ibane kwa vibanio vya karatasi pale mshono utakapopita, na ujaribu kukichomoa na kukirudisha. Angalia hasa bapa ambalo ni pana karibu na ncha kuliko karibu na mpini. Sehemu pana lazima ipite mdomoni na katika kila upenyo ulio juu yake kabla ya kufika chini, kwa hiyo mstari wa ndani hauwezi kufuata kila mpindo wa makali. Karatasi ikikataa kuachia kisu, ngozi itakataa zaidi.

Mwisho amua ala itavaliwa upande gani. Kiolezo kina kulia na kushoto, na ukikigeuza kwa bahati mbaya juu ya ngozi utapata ala nzuri kwa mtu anayetumia mkono mwingine. Andika neno JUU upande utakaoonekana, na uchore kwa kalamu ya fedha au kwa ncha butu ya msharasi. Wino wa kawaida hauondoki kwenye ngozi ya magome.

Kwa nini watu husisitiza ukanda wa kati?

Kwa sababu bila huo kisu hujikatia njia ya kutokea. Ukishona tabaka mbili za ngozi bila kitu katikati, uzi hukaa sawasawa na mstari wa makali, na kila kisu kinaposhushwa makali huugusa uzi. Siku moja mishono miwili mitatu itakuwa imekatika, na siku nyingine ncha itatokea pembeni huku kiganja chako kikiwa hapo.

Ukanda wa kati ni kipande cha ngozi ileile, chenye upana wa milimita 10 hadi 12, kinachowekwa katikati ya tabaka mbili kufuata upande wote wa makali kutoka mdomoni hadi nchani. Makali hukutana na ukingo wa ukanda huu, na mshono hubaki nyuma yake, milimita 3 au 4 kutoka ukingo wa nje. Pia ukanda hutengeneza nafasi inayolingana na unene wa bapa, ili ala isibinuke ikiingizwa kisu. Kwenye ncha uongeze milimita chache za urefu na upana, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya kusukuma huishia. Ukipenda, acha tundu dogo la milimita 3 chini kabisa ili maji yakiingia yatoke.

Gundi ina kazi gani ikiwa nitashona?

Gundi huzuia tabaka zisitembee wakati wa kutoboa na kushona. Nguvu ya kudumu ni ya uzi. Gundi ya mafundi viatu inafaa sana: paka nyuso zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, kisha bananisha kwa usahihi, maana ikishashikana haikupi nafasi ya pili. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa nyingi. Upande wa manyoya ni laini na gundi huubandukia, kwa hiyo ukwaruze kwa msasa pale tu utakapopakwa. Usivuke mstari wa mshono kuelekea ndani, kwani gundi iliyomwagika ndani ya ala hunata kwenye bapa.

Kabla ya kubandika, maliza kila kitu ambacho hakitafikika tena. Sugua ukingo wa mdomo, na ushone kitanzi cha mkanda mgongoni mwa ala. Wengi hukumbuka kitanzi wakati ala imekwisha kufungwa, na sindano haina pa kupitia.

Nitoboe kwa msharasi au kwa drili?

Msharasi wenye ncha bapa hupasua njia bila kuondoa ngozi, na tundu lake hujifunga juu ya uzi. Drili huondoa ngozi na kuacha tundu la mviringo. Nikiwa na chaguo nashika msharasi. Hata hivyo tabaka tatu za milimita 3 ni milimita 9 za ngozi ngumu, na mikono isiyozoea hupinda msharasi njiani, matundu ya mbele yakawa kwenye mstari na ya nyuma yakawa kama nyayo za mlevi. Ikiwa una drili iliyofungwa wima kwenye stendi, kichwa cha milimita 1.5 kitakupa mstari ulionyooka pande zote mbili, na hakuna aibu katika hilo. Drili ya kushika mkononi hainyooki kuliko msharasi, kwa hiyo haina faida.

Kabla ya kutoboa, chimba mfereji mwembamba juu ya mstari wa mshono ili uzi ulale chini ya uso wa ngozi. Uzi uliojitokeza ndio wa kwanza kulika.

Nikate uzi wa urefu gani?

Utasikia kanuni ya mara nne ya urefu wa mshono. Kanuni hiyo ni sahihi kwa pochi na itakuacha njiani kwenye ala. Hesabu ni nyepesi: katika mshono wa sindano mbili, kila nusu ya uzi hutembea nafasi moja kati ya matundu na kisha hupenya unene wote wa ngozi. Matundu yakiwa na nafasi ya milimita 5 na ngozi ikiwa na unene wa milimita 5, kila hatua hula milimita 10 kwa kila nusu, yaani 20 kwa zote mbili, na hiyo ndiyo mara nne. Lakini unene ukiwa milimita 9, kila hatua hula 28, ambayo ni zaidi ya mara tano na nusu. Kwa mshono wa sentimita 20 hizo ni sentimita 112, na ukiongeza za kushika sindano na za kurudia mwishoni utakata sentimita 150 hivi.

Uzi wa kitani au wa poliesta wenye unene wa milimita 0.8 hadi 1 unafaa. Kama haukutiwa nta, upitishe mara mbili tatu kwenye bonge la nta ya nyuki.

Mshono wenyewe hushonwaje?

Weka sindano kila mwisho wa uzi. Pitisha sindano moja katika tundu la kwanza na uvute mpaka uzi ulingane pande zote mbili. Katika tundu la pili, ingiza sindano ya kushoto itokee kulia, kisha ingiza sindano ya kulia katika tundu hilohilo irudi kushoto. Kabla ya kuivuta sindano ya pili hadi mwisho, uvute kidogo nyuma uzi uliotangulia; ukitembea ni salama, ukigoma umechomwa na sindano na lazima urudi. Vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa, na uende hivyo hadi mwisho.

Siri ya mshono wenye sura nzuri ni kutobadilisha mpangilio. Sindano inayotangulia itangulie daima, na ile ya pili ipite upande uleule wa uzi wa kwanza, ama juu ama chini, katika kila tundu. Anayebadilisha katikati huona mishono ikilala upande mmoja kisha mwingine.

Mshono huu ni mgumu kufumuka kuliko wa cherehani. Katika mshono wa cherehani uzi wa juu na wa chini hushikana katikati ya tundu, na mmoja ukikatika, wenzake huanza kulegea. Katika mshono wa sindano mbili, kila uzi unapita matundu yote kwa safari yake, hivyo mmoja ukikatika mahali fulani wa pili bado unashika. Rudia mishono miwili au mitatu kwenye mdomo wa ala, ambako nguvu ni nyingi. Ncha za uzi wa poliesta huyeyushwa kidogo kwa moto wa kiberiti. Za kitani hukatwa karibu na kutiwa tone la gundi ndani ya tundu.

Ngozi huloweshwaje ili ishike umbo la kisu?

Kwanza kifunge kisu kwa tepu upande wa makali, kisha kivingirishe katika nailoni nyembamba ya kufungia vyakula, tabaka mbili au tatu. Nailoni hukizuia kisu kisipate kutu, na unene wake mdogo huacha nafasi ambayo ngozi huihitaji kwa kuwa hujibana kidogo ikikauka.

Tumbukiza ala katika maji ya vuguvugu mpaka viputo vipungue, kwa kawaida chini ya dakika moja. Itoe, iache itiririke, ingiza kisu taratibu, kisha ubonyeze kwa vidole na kwa kitu laini kisicho na pembe, kama kijiko cha mbao, ukifuata mstari ambapo mpini unakutana na bapa. Kucha huacha alama zisizofutika, na pete pia. Ngozi ya magome ikiwa na maji hukumbuka kila kinachoigusa.

Kisha usiiguse. Iache ikauke mahali penye hewa na kivuli kwa siku nzima, au zaidi ikiwa hewa ina unyevu. Jua kali, jiko na kikaushio cha nywele huigeuza ngozi mbichi kuwa ngumu na yenye kupasuka, kwa sababu ngozi yenye maji haivumilii joto ambalo ngozi kavu ingelivumilia. Chomoa kisu ngozi inapokuwa imeanza kushika umbo, baada ya saa chache, ili ndani nako kupate hewa.

Rangi na mafuta hupakwa lini?

Baada ya kukauka kabisa. Rangi ya spiriti hupenya haraka na huacha mistari ukiwa na mkono mzito, kwa hiyo paka mara mbili au tatu nyembamba kwa mizunguko midogo, ukifuta ziada kabla ya kuendelea. Ngozi huwa nyepesi ikikauka, na rangi unayoiona ikiwa mbichi si ile utakayobaki nayo. Jaribu kwenye chakavu.

Kuna rangi nyeusi ambayo mtu anaweza kujitengenezea: vipande vya chuma hulowekwa katika siki kwa siku kadhaa, chombo kisifungwe kabisa kwa sababu hutoa gesi. Maji hayo yakipakwa kwenye ngozi ya magome, chuma hukutana na tanini na ngozi hubadilika kuwa nyeusi yenyewe. Ngozi ya kromu haibadiliki, kwa kuwa haina tanini. Ni kwa sababu hiyohiyo misumari yenye kutu na vumbi la chuma havitakiwi juu ya meza ya kazi unaposhughulika na ngozi iliyolowana: kila chembe itaacha doa jeusi.

Mafuta yawe machache. Mafuta ya kwato za ng'ombe yakipakwa mara moja kwa kitambaa hurudisha uhai wa ngozi, lakini yakizidi huilainisha, na ala laini haikingi kitu. Ndani usipake chochote. Juu malizia kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, uisugue mpaka isishike vidole.

Kingo zangu zinaonekana kama kitabu kilichonyeshewa. Nifanye nini?

Tabaka tatu zinatakiwa zionekane kama moja. Kata ziada kwa wembe, kisha usugue kwa msasa wa 150 mpaka mistari ya tabaka ilingane, halafu 220 na 400. Punguza pembe kali za juu na chini. Lowesha ukingo kidogo tu kwa maji, usugue haraka kwa mbao laini au kitambaa kigumu mpaka uanze kung'aa, kisha utie nta na kurudia. Watu hukata tamaa kwa sababu wanalowesha mno na kusugua kidogo. Kingo zilizokwisha kupakwa mafuta hazing'ai vizuri, kwa hiyo kazi hii itangulie mafuta.

Kisu kinabana mno, au kinalegea. Je, nianze upya?

Si lazima. Kikibana, lowesha ala tena, ongeza tabaka moja ya nailoni kwenye kisu, ukiingize na kuacha ikauke. Kikilegea, lowesha na ubonyeze kwa nguvu zaidi pale mpini unapoingia, kwani hapo ndipo kisu kinaposhikwa. Kipimo ni hiki: igeuze ala chini juu ya kitanda na uitikise kidogo, kisu kisianguke, lakini kichomoke kwa mkono mmoja bila kung'ang'ana. Ikiwa kiolezo kilikosa milimita 20 au 30, maji hayatasaidia, na hapo ndipo pa kukata ngozi nyingine.

Naweza kukiacha kisu ndani ya ala siku zote?

Kwa kukibeba, ndiyo. Kwa kukihifadhi miezi, hapana. Ngozi huvuta unyevu wa hewa, na tanini zina asidi, hivyo chuma kisicho cha pua kitapata kutu na hata cha pua kinaweza kupata madoa. Kinga ya shaba iliyo kati ya mpini na bapa nayo huota ukoga wa kijani inapokutana na mafuta ya ngozi. Kipake bapa mafuta membamba na ukiweke kando ya ala yake.

Ala kama hii yafaa kwa kisu cha jikoni?

Haifai, kwa kuwa ngozi haioshwi vizuri na unyevu wa chakula hubaki ndani yake. Kisu cha kukunja kinafaa, nacho kinahitaji mfuko mdogo tu usio na ukanda wa kati, maana makali yake yamefichwa tayari. Kuhusu kubeba kisu hadharani, sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi katika urefu wa bapa na namna ya kukibeba, na ni wajibu wako kuijua ya mahali ulipo kabla ya kukivaa kiunoni.

Nikishamaliza, nikiingize kisu vipi kwa mara ya kwanza?

Taratibu, na vidole vikiwa mbali na upande wa mshono. Ishike ala upande wa mgongo wa kisu, au uilaze juu ya meza na kuishikilia kwa kitambaa kinene, kwa sababu hujui bado kama makali yatafuata ukanda wa kati au yataukata. Sikiliza: sauti ya kukwaruza ni ya ncha inayolima ngozi ya ndani, na maana yake ni kwamba kisu kinaingia kikiwa kimeinama. Kirudishe nyuma, elekeza mgongo kwenye mkunjo, na ujaribu tena. Fanya hivyo mara kumi, kisha uchunguze mshono kutoka ndani kwa tochi, ukitafuta uzi uliokwaruzwa karibu na mdomo.

Ukiuona, usiivae ala hiyo. Fumua mishono, weka ukanda mpana zaidi, na ushone upya katika matundu yaleyale.